JIWE LA KIJANI NA MACHO YA KAMBO

Vipodozi na dawa za watu wa zamani mbele ya mashini za wenye elimu

Nianze na jambo lililotokea karibu na nyumba yetu hapa Dilolo.

Kijana mmoja alirudi kutoka Kolwezi na gari la moshi. Katika mfuko wake alikuwa na jiwe moja la kijani, zuri kweli, lenye mistari kama mti uliokatwa. Nyinyi wa migodi mnalijua: ni malakiti, jiwe la shaba. Sasa kambo yake alikuwa na macho mekundu, yenye kutoa machozi na usaha asubuhi. Kijana akatwanga kipande cha jiwe, akachunga unga wake, akauleta ndani ya karatasi.

- Kambo, weka kidogo tu mu macho. Bafalme ba Misri balikuwa banapaka ile ile. Mwalimu alitufundisha ku masomo.

- Mwana, bale bafalme beko wapi leo? Si balikufa bote?

Sote tukacheka. Lakini macho yalikuwa yanamwuma, na mtu anayeumwa hachekeshwi kwa muda mrefu. Akanigeukia mimi:

- Weye unasomaka bitabu. Unasema nini? Nitie ao nisitie?

Nilimjibu: "Kambo, usitie kwanza." Lakini ndani yangu niliona haya, kwa sababu sikuweza kumweleza kwa nini. Kijana hakusema uongo. Wamisri walipaka kweli. Basi nilitafuta, nikasoma, na leo nawaletea niliyoyapata. Ni mambo yanayowahusu hasa watu wa Lualaba, maana mawe ya Wamisri ni ndugu za mawe yetu.

KIJANA ALISEMA KWELI

Miaka zaidi ya elfu tatu mbele ya Kristu, watu wa Misri walikuwa wakisaga malakiti juu ya vibao vya mawe, wakachanganya na mafuta, wakapaka kuzunguka macho. Malakiti waliipata katika Sinai na katika jangwa la mashariki. Baadaye wakapenda zaidi rangi nyeusi, ile tunayoiita wanja. Wanja ule ulitoka katika jiwe linaloitwa galena, jiwe la risasi. Hapa simaanishi risasi ya bunduki, bali ile madini laini na nzito. Wanaume walipaka, wanawake walipaka, hata watoto.

Je, ilikuwa urembo tu? Hapana. Kuna kitabu cha zamani cha waganga wa Misri kinachoitwa Mafunjo ya Ebers, kilichoandikwa karibu mwaka 1550 mbele ya Kristu. Leo kinatunzwa Leipzig, Ujerumani. Ndani yake mna maelezo ya dawa zaidi ya 800, na nyingi ni za macho: galena, malakiti, udongo mwekundu, asali. Kwao kipodozi na dawa vilikaa ndani ya chombo kimoja.

Biblia nayo inajua mambo haya. Malkia Yezabeli alipaka macho yake rangi kabla ya kufa (2 Wafalme 9). Binti wa tatu wa Ayubu, yule aliyezaliwa kisha mateso, jina lake kwa Kiebrania linamaanisha pembe ya wanja, yaani chombo cha kutunzia rangi ya macho (Ayubu 42). Kumbe wanja peke yake haukuwa dhambi: mmoja alikuwa malkia mbaya, mwingine mtoto wa baraka, na wote wawili walitajwa pamoja na wanja.

MASHINI INAFUNGUA CHUPA YA MIAKA 4000

Katika nyumba ya makumbusho ya Louvre, Paris, kuna vyombo vidogo vya Wamisri, vya mawe, vya miti na vya matete, ambavyo vina unga wa wanja mpaka leo. Mfaransa mmoja mwenye elimu ya kemia, Philippe Walter, pamoja na wenzake, walichukua punje kidogo sana za unga huo wakazipima.

Wanapima namna gani bila kuharibu? Wanatumia mionzi ya X, ile ile ambayo katika lopitali inapigwa picha ya mifupa. Mionzi ikipita ndani ya unga, kila aina ya jiwe inairudisha kwa namna yake, kama vile kila mtu ana alama yake ya kidole. Malakiti ina alama yake, galena yake, chumvi yake. Kwa mafuta na utomvu wanatumia mashini nyingine inayotenganisha vitu vilivyochanganywa, kimoja kimoja.

Mwaka 1999 walitangaza jambo la kushangaza. Ndani ya vyombo vile, pamoja na galena, walikuta aina mbili za chumvi nyeupe za risasi ambazo ni adimu sana katika ardhi. Haziwezi kuokotwa za kutosha kwa kujaza vyombo vya watu wengi. Basi ni watu waliozitengeneza. Kumbe Plinio na Dioskoride, waandishi wa karne ya kwanza kisha Kristu, walikuwa wameandika namna ya kufanya: unasaga ungo wa risasi iliyochomwa, unachanganya na chumvi ndani ya maji, unamwaga maji, unaweka mengine, na kesho tena, siku kwa siku, kwa majuma mengi. Wenye elimu wakajaribu wenyewe, wakapata chumvi zile zile.

Fikirini. Miaka 4000 iliyopita, bila shule ya kemia, kuna mtu aliyevumilia kazi hiyo ya majuma mengi. Kwa nini? Mwaka 2010 Walter na mwenzake Christian Amatore walileta jibu. Walichukua chembe moja moja za ngozi ya mtu, wakazitilia kipimo kidogo sana cha chumvi ile ya risasi, wakasikiliza kwa sindano nyembamba kuliko unywele. Chembe zikaanza kutoa oksidi ya nitrojeni kwa wingi zaidi, ongezeko la karibu asilimia 240. Hiyo ni kama filimbi ya polisi ndani ya mwili: inaita askari wa damu waje kupigana na mikrobu. Kwa watu wa Nili, ambako maji yakifurika macho yanashikwa na mikrobu, dawa ile pengine ilisaidia.

Na malakiti? Mganga mmoja, Guido Majno, aliandika kitabu kikubwa mwaka 1975 juu ya vidonda na waganga wa zamani. Alijaribu dawa za Wamisri katika laboratwari. Asali iliyochanganywa na mafuta iliua mikrobu. Unga wa kijani wa shaba nao ulizuia mikrobu kuongezeka. Wazee wale hawakuwa wajinga hata kidogo.

Hapo kijana wetu angefurahi na kusema: "Si nilibaambia!" Lakini tungoje, habari haijaisha.

DAWA ZA BAHARINI NA POMADI YA LONDON

Karibu miaka 130 mbele ya Kristu, merikebu moja ilizama karibu na pwani ya Toscana, Italia. Ndani yake walikuta kisanduku cha bati, na ndani ya kisanduku vidonge vya duara vya rangi ya kijivu, vikavu kabisa baada ya miaka zaidi ya 2000 chini ya maji. Mwaka 2013 wenye elimu walitangaza walichokuta ndani yake: sehemu kubwa ni chumvi za zinki, tena wanga, utomvu wa msunobari na mafuta. Wanafikiri ilikuwa dawa ya macho. Zinki hiyo hata leo munganga anaiweka katika pomadi ya ngozi ya watoto. Watu wa Kipushi wanaijua zinki vizuri. Mgodi wao umeitoa tangu zamani.

Msomaji wa Maandiko atakumbuka hapa barua kwa Kanisa la Laodikia (Ufunuo 3), ambamo Bwana anawashauri wale waliojiona matajiri wanunue kwake dawa ya macho wapate kuona. Wasomaji wa kwanza walijua kabisa dawa hiyo ni kitu gani. Iliuzwa sokoni.

Tena mwaka 2003, katika mji wa London, wachimbuaji walikuta kopo dogo la bati la wakati wa Waroma, la karne ya pili. Walipolifungua wakakuta pomadi nyeupe, na alama za vidole vya mtu wa mwisho aliyeitumia. Walipoipima mwaka 2004 wakakuta mafuta ya nyama, wanga, na unga mweupe wa bati. Walitengeneza nyingine kwa kipimo kile kile, wakaipaka: ilikuwa laini, ikaacha ngozi nyeupe nyeupe.

Angalieni jambo moja. Waroma wengi walijipaka nyeupe ya risasi, sumu. Huyu wa London alitumia bati, ambalo halidhuru ngozi namna ile. Bati ni lile lile lililochimbwa Manono. Kwa macho, unga wa risasi na unga wa bati vinafanana, vyote vyeupe. Mashini ndiyo inayotofautisha. Na mwili nao unatofautisha, ila wenyewe unachelewa kutuambia.

WAZEE WETU WALILIJUA JIWE

Tusifikiri kwamba akili ya mawe ilikuwa ya Misri na Roma tu. Mgr Jean-Félix de Hemptinne, aliyeongoza Kanisa la Katanga, aliandika mwaka 1926 habari za "walaji wa shaba", wahunzi wa zamani wa nchi yetu. Kisha mavuno, wakati wa kiangazi, walikwenda milimani kuchimba malakiti. Walitambua mahali pa shaba kwa kuona kilima kisicho na miti na maua fulani yanayopenda udongo wa shaba. Waliyeyusha jiwe kwa makaa, wakatengeneza misalaba ya shaba. Katika makaburi ya Sanga, karibu na ziwa Kisale, wachimbuaji tangu mwaka 1957 walikuta watu wa karne nyingi zilizopita wamezikwa na vikuku, mikufu na mikanda ya shaba. Ndiyo urembo wa wazee wetu: shaba waliivaa.

Na hapa Dilolo, Wachokwe na Walunda wanajua pemba, udongo mweupe, na mukundu, udongo mwekundu. Vilipakwa usoni na mwilini kwa furaha, kwa maombolezo, kwa tohara ya vijana. Kila rangi ilikuwa na neno lake.

LAKINI SUMU NAYO IKO NDANI

Sasa nifike kwenye swali la Kambo.

Chumvi ya risasi inaamsha askari wa mwili, ndiyo. Lakini risasi yenyewe inaingia katika damu, inakaa ndani ya mifupa, na katika mtoto inaharibu akili. Shirika la Afya la Ulimwengu linasema hakuna kipimo cha risasi kinachojulikana kuwa hakina hatari. Mwaka 2011, katika mji wa Boston, Marekani, mtoto mchanga wa wazazi kutoka Nigeria alipimwa damu, wakakuta risasi nyingi. Walitafuta chanzo ndani ya nyumba. Ilikuwa wanja ambao wazazi walimpaka machoni kwa mapendo, kama desturi yao. Unga ule ulipopimwa, zaidi ya asilimia 82 ilikuwa risasi. Wazazi wale hawakuwa na nia mbaya. Hawakujua tu.

Angalieni basi tofauti. Katika laboratwari ya Paris walitumia kipimo kidogo sana, juu ya chembe moja, siku moja. Katika mkono wa mama ni kidole kizima, kila siku, kwa mtoto wa kilo tano.

Mfano mwingine ni kobalti yetu, ambayo dunia nzima inaitafuta Kolwezi. Je, mnajua kwamba kila mmoja wetu anatembea na kobalti katika mwili? Vitamini B12, ambayo bila yake damu inapungua, ina chembe moja ya kobalti katikati yake. Mama mmoja mwenye elimu, Dorothy Hodgkin wa Uingereza, ndiye aliyegundua umbo lake mwaka 1956 kwa mionzi ya X. Basi ni dawa? Katika miaka ya 1950 waganga waliwapa wagonjwa wenye upungufu wa damu chumvi ya kobalti. Damu iliongezeka, lakini wengine wakavimba shingo, kwa watoto hasa, na dawa ile ikaachwa. Kobalti iliyo ndani ya vitamini inalisha. Kobalti ya unga wa mawe inaumiza.

Na mashini zile zile za kupima wanja wa Farao zina ndugu zao zinazopima miili yetu. Mwaka 2018 wenye elimu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na Munganga Célestin Banza Lubaba Nkulu na wenzao wa Ubelgiji, walitangaza kipimo walichofanya Kasulo, mtaa wa Kolwezi ambamo watu walichimba hata chini ya nyumba. Damu na mkojo wa watu wa pale vilikuwa na kobalti nyingi kuliko za watu wa mtaa wa mbali na uchimbaji, na watoto ndio waliozidi. Watoto wale hawakunywa dawa yoyote. Walicheza tu katika vumbi.

Kwa hiyo unga wa kijani wa yule kijana una hatari mara mbili. Kwanza, shaba yenyewe inachoma jicho ikizidi. Pili, jiwe la mgodi halitembei peke yake. Malakiti ya Kolwezi inaweza kuwa na kobalti, na mahali pengine hata urani, na jicho la mtu haliwezi kuona. Mganga wa Farao alifuata maelezo yaliyoandikwa. Sisi tulikuwa na karatasi na kijiko.

MANENO MATANO KWA JAMAA

1. Unga usio na jina usiingie machoni, hata kama jirani anasema ulimponya. Jicho ni moja kwa upande mmoja, halinunuliwi sokoni.

2. Wanja wa kumpaka mtoto mchanga uachwe. Kama ni desturi ya jamaa, mzazi na aulize kwanza kwenye kituo cha afya.

3. Wamama wenye mimba wanaokula pemba wajue kwamba udongo unabeba kilicho katika shimo lake. Mwaka 2009 wakuu wa afya wa Marekani walitoa onyo juu ya udongo wa namna hiyo unaoliwa na wenye mimba, kwa sababu walikuta ndani yake risasi na aseniki. Hamu hiyo mara nyingi inafuatana na upungufu wa damu. Basi semeni na munganga wa uzazi.

4. Vijana, wasichana kwa wavulana: pomadi za kubadilisha ngozi iwe nyeupe, nyingine zina zebaki, ambayo inaharibu mafigo. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliamua ziondolewe, lakini sokoni zingali zinapita, mara nyingi bila kuandikwa kilicho ndani. Yule mtu wa London alijipaka nyeupe akanawa jioni. Zebaki haitoki kwa kunawa.

5. Baba anayetoka mgodini avue nguo za kazi na kunawa kabla ya kumbeba mtoto. Mawe yasitwangwe ndani ya kiwanja cha nyumba, wala katika kinu cha chakula. Kinu cha bukari ni cha bukari.

KAMBO ALIPATA JIBU

Yoshua bin Sira (38) anafundisha kwamba Mungu ndiye aliyetoa dawa katika ardhi, na mwenye akili hazidharau. Pale pale anatuambia tumheshimu mganga. Mambo hayo mawili yanakwenda pamoja: ardhi inatoa, na mwenye elimu anapima. Tukichukua la kwanza na kuacha la pili, tumechukua nusu ya neno.

Siku ile tulimpeleka Kambo kwenye kituo cha afya. Mwuguzi akaangalia macho yake, akageuza kope, akampa kitube kidogo cha pomadi ya tetrasiklini. Kambo hajui kusoma, basi akaniomba nimsomee kilichoandikwa juu yake. Nikamsomea: jina la dawa, tarehe ya mwisho, na kipimo, asilimia 1.

- Asilimia moja njo nini?

- Kambo, maana yake kama pomadi ni vijiko mia moja, dawa ni kijiko kimoja tu. Vingine vyote ni mafuta.

Akanyamaza kidogo, akamtazama mjukuu wake.

- Umesikia? Kijiko kimoja mu mia moja. Na weye ulikuwa unataka kunitilia mufuko muzima.

Macho yake yalipona. Kijana hakukasirika, unga aliufukia mbali na kisima, na kipande cha jiwe kilichobaki kiko mezani pa Kambo, juu ya kitambaa cheupe, pamoja na msalaba. Wageni wakiingia wanakisifu. Yeye anawaambia kwamba hilo ni jiwe la wafalme wa Misri, linaangaliwa kwa macho, haliingizwi ndani ya macho.

KWA MAZUNGUMZO NYUMBANI NA KATIKA KIKUNDI CHA VIJANA

- Ni dawa gani za mawe au za udongo zinazojulikana katika jamaa yetu? Nani alitufundisha, na kwa kipimo gani?
- Pomadi tunazotumia, je, imeandikwa juu yake kilicho ndani? Zileteni, tuzisome pamoja.
- Soma Ufunuo 3, 14-22. Watu wa Laodikia walikuwa na mali wakafikiri wanaona. Sisi tunaokaa juu ya utajiri wa mawe, kuna kitu gani tusichokiona?